Mtoto Aliye Rehani

Siku ile tulikuwepo mimi. Mdogo wangu wa kike anayenifuata. Mdogo wetu wa mwisho, ambaye shughuli ilikuwa yake. Ami yetu, ndugu yake baba, aliyekuja kutoka Madungu, Chake, kwa gari ya kuazima. Shangazi yetu wa hapa hapa Makangale. Mwalimu wa chuo cha Kurani. Na jirani yetu, bibi mmoja ambaye kabla hujamwalika huwa keshafika. Alikuwepo na mbuzi, kafungwa kwa kamba ya makumbi kwenye mgomba nyuma ya jiko. Mama na baba walikuwa wameshatangulia mbele ya haki, ingawa mbuzi yule alikuwa ni wao kumchinja.

Baba alianguka mkarafuu wakati mama ana mimba ya huyu wa mwisho. Mtoto alipozaliwa na kufika siku ya saba, siku ambayo mtoto hunyolewa na kuchinjiwa akika, alinyolewa tu. Mama alisema atamchinjia msimu ujao, Mungu akijaalia. Msimu ukaja na karafuu zikawa haba, akasema ujao tena. Mtoto hajaanza hata kusimama dede, mama naye akaondoka.

Siku ya hitima ya mama ami alisimama mbele ya watu akasema kwamba mimi ndiye mkubwa na nyumba sasa inanitazama mimi. Nilikuwa kidato cha pili. Aliposema hivyo watu waliitikia kwa sauti nzito, kama wanaoitikia dua, na yeye akapanda gari akarudi Chake. Sare yangu ya skuli nilimkatia mtoto nepi.

Watu hupenda kuniuliza nilijifunzaje kulea. Sikujifunza. Mtoto mwenyewe ndiye anayekufundisha, na ada yake huitoza papo kwa papo. Huyu wetu Ijumaa moja aliwakosha vifaranga wote wa kuku wetu kwa sabuni ya unga, kwa sababu alisikia chuoni kwamba Ijumaa kila mtu hukoga. Aliwapanga kwenye ungo wakauke. Wakafa wote, safi kabisa. Mara nyingine alijitia kunde puani na hakusema mpaka pua ikaanza kunuka. Nikambeba mpaka kituo cha afya. Muuguzi akauliza mama yake yuko wapi, nikajibu ndiye mimi, maana nilikuwa nimechoka kueleza. Yeye, na kunde yake puani, akamwambia muuguzi, "Huyu dada. Mama kazikwa." Muuguzi akanitazama mimi kama niliyeiba kitu.

Zilikuwepo raha pia, sitazificha. Asubuhi alikuwa akinifuata nikienda kwenye mwani wangu pwani, maji yametoka, akiimba sura fupi alizojifunza, akizichanganya mwanzo wa hii na mwisho wa ile, na wanawake wenzangu wakicheka wanamwita shehe. Usiku alilala na kidole gumba changu ndani ya ngumi yake. Lakini raha za mtoto usiyemzaa hazikai peke yake. Kila akicheka, yupo mtu kando wa kukukumbusha kwamba huyu yatima, na wewe pia.

Kwetu aliyekumbusha zaidi alikuwa shangazi. Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa akija na kisahani cha kitoweo, anakaa, anamtazama mtoto, kisha anashusha pumzi na kusema, "Masikini, bado yu rehani huyu." Ni maneno ya dini, mtoto yu rehani mpaka achinjiwe akika yake. Na yeye alikuwa akiongeza la kwake, lile alilolisikia kwa wazee, kwamba mtoto asiyechinjiwa hawezi kuwaombea wazazi wake siku ya Kiyama. Wanabaki wanangoja. Akishasema hivyo anakifunga kisahani chake kwenye kanga anaondoka, na mimi nabaki na muhogo wangu na kisu.

Sasa mtoto wa Makangale neno rehani halijui kwa Kiarabu. Analijua kwa duka. Pale njia panda palikuwa na duka ambalo mwenyewe alikuwa akipokea vitu vya watu kwa unga na sukari. Ilikuwepo baiskeli ya mtoto wa jirani yetu, imening'inizwa juu darini, imekaa pale masika nzima. Mdogo wangu alikuwa akiipenda baiskeli ile. Alikuwa akiuliza kila siku kama mwenyewe keshaikomboa. Siku moja akaja mtu wa Konde, akaikomboa yeye, akaipanda, akaondoka nayo. Mdogo wangu alisimama barabarani akaitazama mpaka ikapotea.

Baada ya hapo alinijia jikoni, akakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, akauliza:

"Dada, miye n'mewekwa duka gani?"

Nilicheka mpaka mwenzangu, yule mdogo wangu wa kike, akatoka ndani kuuliza kuna nini. Nikamjibu mtoto kwamba hakuna duka, ni maneno ya watu wazima, akishachinjiwa mbuzi yatakwisha. Nilidhani ameridhika. Kuanzia siku ile nikimtuma chumvi alizunguka nyuma ya msikiti mpaka duka la mbali, na mimi nikamgombeza kwa kuchelewa.

Ami alipopiga simu kusema anakuja na mbuzi wa akika, nililia. Ukweli ndio huo. Nililia kwa furaha, nikaenda kuazima sufuria kubwa kwa jirani, nikaazima na majamvi. Nilimnyoosha mtoto kanzu yake. Mwenzangu alitwanga viungo tangu alfajiri. Nilisema moyoni kwamba damu ni damu, hata ikichelewa. Siku hiyo nilimsamehe ami mambo mengi, mengine hata hajui kwamba alikuwa anadaiwa.

Akafika, akasalimia vizuri, akamkabidhi mbuzi kwa mwenzangu. Tukakaa barazani. Mwalimu wa chuo akaulizia kisu kama kimenolewa. Ndipo ami, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, akasema kwamba leo tunamkomboa mtoto huyu, alhamdulillahi, na jioni ataondoka naye kwenda Madungu. Kashazungumza na mkewe. Kitanda kipo, skuli ni pua na mdomo, na yeye Mungu hakumpa mtoto wa kiume.

Mtoto alikuwa kakaa kizingitini na kanzu yake, miguu haifiki chini.

Nikamuuliza ami kwa nini hakusema kwenye simu. Akasema jambo la heri halitangazwi kwenye simu. Kisha akamgeukia mwalimu. "Mwalimu, anayemchinjia mtoto si ndiye mlezi wake?"

Mwalimu akaivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa. "Lina maelezo hilo."

"Maelezo gani?" akauliza jirani yetu.

"Marefu," akasema mwalimu, akatazama upande wa jikoni.

Jirani yetu akakohoa. "Weye ami yao, mtoto huyu alipokuwa akiharisha njia ya Makangale ulikuwa huijui. Leo kawa wa kutumwa dukani, ndo umeijua."

Ami akamjibu kwa adabu kwamba yeye anazungumza na mwanawe, bi mkubwa amwie radhi. Akanigeukia. Hakupandisha sauti, na ndiyo maana maneno yale hayajanitoka mpaka leo. "Mwanangu, wewe umeishia kidato cha pili. Utamfikisha wapi mtoto wa watu?"

Mtoto wa watu. Nilitaka kumwambia ni nani aliyenisimamisha kidato cha pili, mbele ya watu gani, siku ya hitima ya nani. Shangazi alikuwa akinitazama kwa macho ya kuniomba ninyamaze, na nikanyamaza. Tena, niseme ukweli, nilikuwa nikifikiri. Madungu kuna umeme. Kuna daktari. Huku mtoto anakula muhogo asubuhi na muhogo jioni, na akiugua nambeba mgongoni. Na juu ya yote kulikuwa na wale wawili wanaongoja. Kuwafungua kwao kulikuwa pale nyuma ya jiko, kunakula majani ya mgomba. Kilichotakiwa ni neno langu moja tu. Hata sasa sijui kama singelisema.

Mwenzangu akaja mbio kutoka nyuma. "Mbuzi hayupo."

Tukainuka sote. Jirani yetu alikuwa wa kwanza kumwona, kwa sababu mbuzi alikuwa katikati ya muhogo wake, katulia, anakula. Bibi yule alipiga kelele za mtu aliyevunjiwa nyumba. Mwalimu wa chuo akakunja kanzu, akamkimbilia, akaanguka kwenye tuta. Mbuzi akahamia kwenye tuta la pili. Ami alimzunguka kwa upande mmoja na viatu vyake vya mjini, shangazi kwa upande wa pili na kanga kaitanua kama anayetega dagaa. Mwenzangu alicheka hadi akakaa chini. Mimi nilikuwa natafuta mtu mwingine.

Nilimkuta nyuma ya choo, kachuchumaa, kanzu imejaa matope, kamba ya makumbi mkononi. Nikamwuliza kwa nini kamfungua mbuzi wa watu. Nikamshika mkono nikamleta, na mpaka tunafika barazani mbuzi alikuwa keshakamatwa, na watu wanahema, na ami anajipangusa suruali. Hakukasirika. Aliinama mpaka usawa wa mtoto, akamwuliza kwa upole kabisa, "Kwani hutaki kuchinjiwa, bwana mkubwa?"

"Sitaki kukombolewa," mtoto akasema. "N'acheni papa hapa rehani kwa dada."

Mwalimu akaangua kicheko, shangazi akafuata, na jirani yetu akasahau muhogo wake. Hata ami alicheka. Walicheka kwa muda, jinsi watu wanavyocheka neno la mtoto, wakingoja alirudie. Mtoto akawatazama mmoja mmoja, kisha akanikamata kanga kwa mikono miwili, na mkojo ukamshuka ndani ya kanzu hadi chini kwenye sakafu.

Hapo kicheko kikakatika. Na mimi nikapata sauti.

"Ami," nikasema, "mchinjie, na usimchukue. Nitakuombea mpaka kufa."

Nilimwona akiwaza, na naamini alitaka kukubali. Lakini alikuwa keshamwambia mkewe, kitanda keshakitandika, na amekuja mwendo wote ule mbele ya macho ya watu. Akasema hiyo haitakuwa akika, itakuwa pilau ya bure. Akasema mtoto hajui linalomfaa, na inaonyesha hata mkubwa wake hajui.

"Basi nenda na mbuzi wako," nikamwambia.

Walimpakia mbuzi nyuma ya gari. Ami aliniambia, kabla hajafunga mlango, kwamba siku nikipata uwezo nimchinjie mwenyewe, na kwamba yeye mbele ya Mungu amekwisha kujitoa. Mwalimu wa chuo aliomba lifti mpaka Konde. Shangazi alibaki nyuma akijifunga kanga upya, na aliponipita alisema taratibu, bila ya hasira, "Umewafunga wazee wako huko waliko." Hakuleta kisahani tena mpaka tulipomzika.

Sufuria niliirudisha kama nilivyoichukua. Jirani yetu aliipokea, akatazama ndani, akasema angalau haikuungua. Viungo alivyotwanga mwenzangu tulikula na muhogo siku nyingi mpaka vikaisha, na kila tukila mtoto alisema leo chakula kizuri.

Nilidhani nitaweza mapema. Nilipata mbuzi jike kwa mwani wa msimu mzuri, nikamfuga, akazaa dume. Dume lile nililitaja jina la akika tangu halijasimama vizuri. Mdogo wangu wa kike akaposwa. Upande wa bwana harusi walisema watakuja wachache, wakaja na gari mbili, na wali ulikuwa hauna kitoweo. Wageni waliila akika ya mtoto kwa vidole vitano, wakasifu. Jike lile likafa kwa homa masika iliyofuata, na tangu hapo kila kilichopatikana kimekuwa na mdomo wake unaokingoja: madaftari, paa, dawa.

Ami tunaamkiana. Sikukuu humletea mtoto kanzu, na huwa inamkaa vizuri. Sijui anajuaje vipimo vyake.

Mtoto mwenyewe si mtoto tena. Mwezi uliopita aliniita kutoka uani na nikadhani ni mwanamume mgeni. Sauti imeanza kuvunjika. Nilikwenda kwa mwalimu wa chuo, sasa mzee na macho yake mabovu, nikamwuliza tena lile lenye maelezo marefu. Safari hii alinieleza kwa ufupi: akishabaleghe, mlango wa mlezi kumchinjia umefungwa, na akitaka atajichinjia mwenyewe akijaaliwa. Nikamwuliza na wazazi je. Akasema Mungu ni mwingi wa rehema.

Nimerudi nyumbani sijamwambia. Anakula, anasoma, anachuma karafuu kwenye mkarafuu ule ule alioanguka baba, na mimi nakaa chini namkanya asipande juu zaidi. Mbuzi sina. Deni lipo.