Aitaye Majina kwa Mgeni

Nilipokuwa mtoto wa kukatazwa kukaa kizingitini, nyumba yetu ya La Rochelle, mtaa mmoja wa Johannesburg, ilikuwa na miiko ya pande mbili za bahari. Mama alileta ya Tanga: usipige mluzi ndani, usifagie jua likishazama, usimruke aliyelala. Mama mdogo Charo akaleta ya kwao Samar, kisiwa cha Ufilipino: usilale na nywele mbichi utapofuka, usiimbe ukipika utaolewa na mzee, na ukipita penye mti mkubwa uombe kwanza radhi. Ukiyajumlisha yote, mtoto hakubakiwa na la kufanya ila kukaa kitako na kupumua, na hata hapo angeambiwa amekaa vibaya.

Mama mdogo Charo alikuwa mke wa baba yangu mdogo, baharia. Walikutana Durban, alikokuwa akipika katika kantini ya mabaharia, na mumewe aliporudi melini alimleta kwetu Johannesburg akae nasi. Alikuwa Mkatoliki. Rozari yake ilining'inia kwenye kitasa cha chumba chake, na baba, mtu wa swala tano, alijifanya haioni. Kiswahili alijifunzia jikoni kwetu, kwa hiyo maneno yote ya nazi na ya kugombeza alikuwa nayo.

Tulipokuwa tukimenya viazi, mimi na kaka yangu Salim, alitusimulia jinsi watu wa kwao walivyotawaliwa. Najua si hadithi ya kawaida ya kumenyea viazi, lakini yeye hakuwa na za sungura.

"Zamani, kabla ya Wahispania, kijiji na chombo cha baharini jina lake ni moja, barangay," alisema. "Watu wamekuja na chombo, wameshuka na mkubwa wao, datu. Datu akiwa mbaya, watu wanaondoka, wanakwenda kwa datu mwingine. Sharp, kwisha maneno."

"Wote wanaondoka?" Salim aliuliza.

"Si wote. Watumwa walikuwepo. Usidhani ilikuwa peponi, wewe."

Kisha, alisema, wakaja Wahispania. Wakawakusanya watu wajenge karibu na kanisa, mahali pa kusikia kengele. Wanawake wazee waliokuwa wakizungumza na mizimu wakafukuzwa wakakimbilia milimani, na sanamu zao za mbao zikachomwa moto. Datu hakufukuzwa. Alipewa fimbo ya heshima, akasamehewa kodi na shokoa, zile kazi za kulazimishwa, yeye na mwanawe wa kwanza. Kazi yake ikawa moja tu: meli zikitaka mbao, na karakana za mbali zikitaka watu, yeye ndiye aite majina. Fulani aende, na fulani, na fulani. Wengi waliokwenda hawakurudi.

Hapo mama mdogo aliacha kisu. Bibi wa bibi yake, alisema, alikuwa wa uzao wa wale waliokimbilia milimani, na walikuwa na neno lao: anayewaitia wageni majina ya watu wake, msitu utarudi kuchukua jina nyumbani kwake. Hata asamehewe, hata amfiche mwanawe uvunguni. Alipiga ishara ya msalaba, akaendelea na viazi.

Mimi nilicheka. Salim hakucheka. Yeye alikuwa kijana tayari, wa kunyoa ndevu, na nadhani alikuwa amekwisha kuona hadithi ile inaelekea wapi.

Maana baba yetu alikuwa mnyapara. Alianza kama mlinzi wa kawaida katika karakana ya kunyoosha magari kule Jeppestown, akasimama getini miaka na miaka. Kwa kuwa hanywi na Kiingereza anakijua, bosi akamfanya mkubwa wa walinzi wote, ambao karibu wote walikuwa watu wetu: wa Tanga, wa Dar, na Wakongo wawili watatu. Alipewa redio ya mkononi, ya kuzungumzia na bosi. Nyumba tuliyokaa nayo ilikuwa ya bosi, na ndiyo iliyotutoa katika chumba kimoja. Jioni ile baba alipoiweka redio mezani, akiwa amejaa furaha, sisi wote tuliishika kwa zamu. Mama mdogo aliitazama tu.

"Shemeji," alimwambia baba, "hiyo ni fimbo."

"Ni redio, Mama Charo."

"Haya. Redio."

Kazi ya baba ikawa kupanga nani alinde wapi. Na wakati wa amani hiyo ni kazi kama kazi nyingine. Salim naye aliandikwa kazi pale, lakini baba alimweka stoo, mchana, mbali na geti. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Ni moyo wa mzazi tu, nani angefanya vingine? Lakini watu wana macho. Kwenye spaza, kiduka cha mtaani, nilisikia kwa masikio yangu mama mmoja akimwambia mwenzake kwamba mtoto wa mnyapara ni yai, anawekwa kwenye pamba. Wakaniona, wakabadili mazungumzo.

Kisha zikaja siku mbaya. Wakubwa wanaosoma haya na waliokuwepo hawahitaji kuelezwa. Ilianza kwa maneno barabarani, kwamba wageni warudi kwao, halafu maduka yakavunjwa, halafu tukaambiwa tusizungumze Kiswahili tukisimama kwenye robot, taa za barabarani. Bosi akapiga simu: wikiendi ile karakana lazima iwe na watu wawili getini, magari ya wateja yamejaa. Baba akamwomba aifunge tu. Bosi akasema hilo halimhusu, yeye ataje watu.

Baba aliita jina la Yusufu, mtu mzima wa Kigoma. La pili likawa la Bakari. Bakari alikuwa mwana wa pekee wa Bi Mwanahawa, mjane aliyekaa mtaa wa nyuma, mshona mapazia. Asubuhi ya Jumamosi Bi Mwanahawa alikuja kwetu hata mtandio hakuufunga sawasawa. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kochi, akamwangalia baba.

"Shomari," alisema, "mimi ninaye huyu mmoja. Wewe wako yuko stoo."

Baba hakujibu. Hakuwa mtu mbaya baba yangu, na nataka hilo lieleweke, kwa sababu mtu mbaya angejibu vizuri sana pale. Kisha akasema Bakari abaki nyumbani, Salim atakwenda.

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Unasema nini, Baba Salim?"

"Nimesema."

Tulikula mapema siku ile, Salim apate kufika Jeppestown kukiwa bado kweupe. Ulikuwa wali na mchuzi wa samaki. Salim alikula harakaharaka, akanawa, akasimama sisi tukiwa bado tunakula, na hapo mama mdogo Charo akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya baba. Aliizungusha sahani yake mezani, polepole, duara zima. Kwao mtu akiondoka wenzake wakiwa wanakula, wanaobaki huzungusha sahani zao ili njia imrudishe salama.

"Zungusheni," alituambia.

Nikazungusha. Mama akazungusha, akilia. Zikabaki sahani zote zimetulia na macho yetu yote kwa baba. Aliiwekea yake kiganja juu.

"Mwenye kulinda ni Mungu," alisema. "Hii ni sahani."

Salim akacheka, kicheko cha kuwaonea watu huruma. "Eish, mwacheni mzee ale," alisema. Akambusu mama mkono, akanivuta nywele, akatoka. Aliita teksi pale kona kwa kidole kimoja juu, kama wanavyofanya wanaokwenda mjini. Nilimwona dirishani.

Habari ililetwa asubuhi na Yusufu mwenyewe, shati halina vifungo. Kundi lilikuja na moto. Yusufu aliruka ukuta wa nyuma, akamwita Salim aruke. Salim akasema yeye ni mtoto wa mnyapara, akikimbia, kesho baba yake atamwambia nani asimame? Akabaki. Hayo ndiyo maneno aliyoyaleta Yusufu, na baba aliyasikia yote akiwa amesimama mlangoni, hajakaribisha mtu ndani.

Tulimzika siku ileile, kile tulichoweza kukipata. Sisemi zaidi juu ya hilo.

Mtaani watu waliitaja sahani. Ikapita mdomo kwa mdomo kwamba mnyapara alikataa kuzungusha sahani na mwanawe akafa, na mimi niliamini. Nilimchukia baba kwa kile kiganja. Nilikuwa nikilala, naota nimekiondoa. Mama mdogo aliponisikia nikisema hivyo kwa mama, alinishika mabega kwa nguvu mpaka nikaumia.

"Usiseme hivyo, baba yako akasikia," alisema. "Sahani ni ya safari. Hii haikuwa safari. Ile redio ilishamla siku nyingi."

Siku ya tatu, wakati wanaume wamekaa kwenye turubai uani na wanawake tumejaa jikoni, gari la bosi lilisimama nje. Sikatai kwamba alikuja kutoa pole. Alileta magunia mawili ya mchele, akavua kofia, akamshika baba mkono kwa mikono yake miwili. Mimi nilikuwa nimetumwa kupeleka chai, nikasimama karibu na birika, nikasikia yaliyofuata. Alisema amesikitika sana. Alisema geti sasa halina mtu, na polisi wamesema hali bado. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, ya heshima: nani atakaa?

Baba alitazama chini. Nyuma yake ilikuwa ile nyumba, na ndani yake mama amelazwa kwenye mkeka, na mimi, na mama mdogo ambaye mumewe alikuwa baharini.

"Bakari," alisema.

Dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Ndani, Bi Mwanahawa alikuwa ameinamia sufuria la pilau ya matanga yetu, aliyoipika tangu alfajiri kwa ajili ya "mwanangu", ndivyo alivyokuwa akimwita Salim tangu tuzike. Alinyooka. Hakulia wala hakutukana. Alifuta mikono kwenye kanga, akampa mama mdogo mwiko, akatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kumwamsha mtoto wake.

Bakari hakufa. Fujo zilipoa wiki ile, akalinda geti ambalo halikuwa na kitu cha kulinda tena, na leo ana watoto na mvi. Kwa hiyo mwenye kutaka kusema kwamba neno la wale wanawake wa milimani ni ushirikina, ananiona sibishani naye. Nimesoma baadaye habari za wale wakubwa wa vijiji vya Ufilipino, na za majumbe wetu wenyewe wakati wa Mjerumani, waliopeleka watu kwenye mkonge, na kote nimekuta watu waliokuwa wakisali, wakipenda watoto wao.

Kwa miaka mingi nilidhani laana ilikuwa kufa kwa Salim. Siku hizi, nami nikiwa mzazi, nadhani Salim alikuwa nusu yake tu. Nusu nyingine ni kwamba baba yangu, akiwa bado matangani, aliulizwa jina, naye alikuwa nalo.