Nilisema Bega la Mchumba Wangu Limeumia, Wakamwacha

Admin, jina langu libaki kwako tafadhali. Wakenya wa Doha tunajuana, na wengi tunasali pamoja kwenye makanisa ya Mesaimeer kila Ijumaa, ndiyo siku ya mapumziko huku. Nikitajwa hapa sitaweza kukanyaga kanisani tena.

Mimi ni dada wa miaka ishirini na nane, kwetu ni Nakuru. Nafanya kazi kwenye kliniki moja hapa, nasaidia watu walioumia misuli, magoti na mabega. Mchumba wangu, tumwite Wafula, ni askari wa geti kwenye kompaundi ya wazungu kule Muaither. Tulijuana kanisani, na wazee wake wameshaenda kwetu kujitambulisha.

Shuleni Wafula alikuwa bingwa wa kurusha mkuki. Jioni moja mpira wa Kimarekani, ule wenye ncha mbili, uliruka ukuta wa kompaundi ukaangukia nje, karibu na geti. Wafula akauokota akaurudisha. Jamani, ule mpira ulipita juu ya paa la nyumba ukaenda kutua ng'ambo ya uwanja! Mzee mmoja Mmarekani anayefundisha timu ya wikendi alitoka mbio mpaka getini. Hata hakumsalimia. Alimwambia tu, "Rusha tena."

Kuanzia hapo alimchukua kama mwanawe. Akamfundisha kushika mpira, kusimama, kuachia kwa wakati. Alimwambia kwenye mchezo huo mrushaji ndiye roho ya timu. Kisha akaleta habari kwamba timu ya kulipwa kutoka Ulaya itatuma mtu kuwapima warushaji kabla ya kuchagua wapya. Wangetazama nguvu za mkono: mpira unaenda mbali kiasi gani, kwa kasi gani, na kama mkono unabaki vile vile ukishachoka. Kocha akaniomba niwe nakuja kuwanyoosha vijana misuli. Nilifurahi sana.

Siku zilipokaribia, Wafula alikuja kwangu, nikamwona akishindwa kuinua mkono kuchukua kikombe kwenye rafu. Nikamshika bega. Mtu wa kazi yangu hahitaji kuambiwa.

"Usimwambie mtu," akanisihi. "Nikishafika huko watanitibu. Na wewe nitakuita."

Nikakubali. Nikawa namkanda kila jioni, nikijua kabisa akiendelea hivyo bega linaweza kukatika kano. Na hapo ndipo pana aibu yangu. Kila aliposema "nitakuita," moyo wangu ulikuwa unakataa. Nimewaona wanaume wangapi hapa Doha wakipata njia, na wachumba wao mpaka leo wanangoja simu.

Siku ya kupimwa ilifika. Mgeni wa ile timu ya Ulaya alikuja na kile kidude cha kupima kasi. Mpira wa kwanza wa Wafula ulivuma mpaka warushaji wenzake wakapiga mbinja. Wa pili vile vile. Baadaye nikaona kiwiko kinaanza kushuka na mpira unapoteza nguvu. Mgeni naye akaona. Akanigeukia mimi, mbele ya watu wote.

"Wewe ndiye unayewahudumia. Huu mkono umechoka au umeumia?"

Wafula alinitazama. Ningeweza kusema muulize mwenyewe. Ningeweza kusema mimi si daktari. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Umeumia. Si wa leo."

Mgeni alimpigapiga mgongoni, akamshukuru kwa kuja. Basi, yakaisha hapo. Wafula hakunigombeza. Aliwaaga wenzake mmoja mmoja kwa mkono wa kushoto, huku akiwaomba radhi kwa kutoa kushoto, akachukua begi lake akaondoka.

Hospitali walipompiga picha walikuta kano imechanika. Daktari akasema angeendelea kurusha angeharibikiwa kabisa. Kwa hiyo watu wananiambia nilimwokoa. Mama yake Wafula alinipigia simu kutoka nyumbani akasema kwa upole, "Mwanangu, ungenyamaza tu. Angeanguka, sawa, lakini asingeangushwa na wewe." Afadhali angenitukana.

Halafu likaja jambo ambalo sikulitegemea. Ile timu ilimtuma kocha aniulize kama nitakubali kwenda kuwahudumia wachezaji wao. Mgeni alisema anataka mtu mwenye jicho kama langu, asiyeficha. Nafasi aliyoiota Wafula nimepewa mimi!

Nilimficha, akasikia kwa kocha. Tukakutana The Pearl, pale tunapozoea kutembea baada ya ibada.

"Hongera," akasema. "Nenda."

"Umenikasirikia?"

"Ulisema ukweli, nitaukasirikiaje? Lakini mimi nilimwambia mchumba wangu. Sikumwambia mtu wa kliniki."

Na hata yeye hajui lililo baya zaidi. Alipokuwa akitoka uwanjani na begi lake, kabla sijasikia huruma, nilisikia nafuu. Nilijisemea moyoni, haendi tena, amebaki wangu. Ndugu zangu, nilimpenda hivyo. Mpaka leo sijui nilisema kwa ajili ya bega lake au kwa ajili yangu.

Ile timu inataka jibu Jumapili. Jana Wafula amenitumia ujumbe kwamba anapasuliwa bega wiki ijayo, na anaomba nimpeleke mimi na nikae naye mpaka azinduke. Aliandika, "Hapa Doha sina mwingine ninayemwamini."

Nimeusoma nikalia. Mnaojua mapenzi na mnaojua kutubu, nishikeni mkono. Nimwambie ile nafuu niliyoisikia, hata kama ataniacha akiwa kitandani? Au nikae naye azinduke, halafu nipande ndege na siri yangu? Nifanye nini?