Leseni ya Baba na Beseni la Mlangoni

Enzi zetu kule Migosi, mtaa wa Kisumu, mtoto hakuingia nyumba yenye televisheni kabla ya kuosha miguu. Kwetu, Mama aliweka beseni la maji mlangoni kila Jumamosi na Jumapili mchana, na vumbi la mtaa mzima likaishia humo. Tuliketi sakafuni kwa mpangilio: wadogo mbele, warefu nyuma, na aliyetoka kuanika omena, wale dagaa wa ziwani, akae karibu na dirisha. Tuliwahi mapema kuangalia ile picha ya mistari na duara iliyokuwepo kabla vipindi havijaanza. Ukimsimulia kijana wa leo kwamba tulikodolea macho duara nusu saa nzima, na tukafurahi, anakuuliza kama tulikuwa wazima.

Televisheni yenyewe ilikuwa ya mbao, yenye miguu minne na milango ya kufungwa kwa ufunguo. Stesheni ilikuwa moja tu, ya serikali. Taarifa ya habari ilianza na mahali mkubwa wa nchi alipopanda mti, hata kama siku hiyo ziwa lingehamia Nakuru. Katikati yalikuja matangazo ya sabuni na mafuta ya kupikia, na nyimbo zake tulizijua kuliko za kanisani.

Kila mwenye televisheni alitakiwa kulipia leseni posta mwaka hadi mwaka. Wengi walikwepa. Wakaguzi wakionekana mtaani, televisheni ziliingia chini ya vitanda, na antena zikasahaulika juu ya mabati. Baba hakukwepa. Alilipa mapema, akaitia leseni kwenye fremu na kuitundika kando ya picha ya harusi. Kwa kuwa alilipa, alijiona mwajiri wa stesheni nzima. Msoma habari akisema "Hamjambo watazamaji", Baba alifunga kifungo cha shati na kumjibu, "Hatujambo, Bwana. Endelea." Picha ikipotea na tukaombwa radhi, alisema, "Tumekusamehe, lakini rekebisha haraka. Hiyo ni pesa yetu."

Halafu ukaja mwaka ambao kazini kwao walipunguza zamu. Karo yetu ilitangulia, na leseni ikaisha kabla hajapata ya kulipia nyingine. Asubuhi yake Baba alifunga ile milango ya mbao, akatia ufunguo mfukoni. Zilikuwa zimebaki wiki mbili timu yetu ya ziwani icheze fainali na timu ya Nairobi. Nilikuwa darasa la tano, na nafasi za kuketi kwetu nilikuwa nimeshazigawa shuleni kama chifu anayegawa mashamba.

"Baba, hakuna mtu atajua," nilimsihi.

"Yule msoma habari ananiangalia kila siku, Akinyi. Kama sijalipa, nitamwangalia na uso gani?"

"Mzee, huyo mtu hakuoni," Mama akasema.

"Sasa mbona ananisalimia?"

Nililia siku tatu. Sikulilia mpira tu. Niliona aibu, kwa sababu Jumatatu baada ya fainali ningerudi darasani nikiwa mwongo.

Ijumaa kabla ya fainali alibisha Mama Odhiambo, jirani yetu aliyeuza omena sokoni, akiwa na wanawake wengine wa ploti. Walikuwa wametoka posta. Alimkabidhi Baba karatasi.

"Baba Akinyi, shika hii. Tumechanga. Watoto yetu ndio wanamaliza hiyo tivii, si wewe."

Baba aliisoma mbele na nyuma. Jina lilikuwa lake. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nikingoja airudishe, maana nilimjua: alikuwa mtu wa kula mboga bila chumvi kuliko kuiomba kwa jirani. Kisha akaniita nimletee penseli. Aliwauliza wale wanawake majina ya wote waliochanga, akayaandika nyuma ya leseni, moja moja.

"Sasa hii tivii iko na wenyewe," akasema, akatoa ufunguo mfukoni.

Jumapili akina mama hawakuchungulia dirishani kama siku zote. Waliosha miguu, wakaingia, wakakalia makochi. Mama Odhiambo alimwamuru Baba aongeze sauti, na Baba, mwenye nyumba, akaongeza. Tulifungwa bao moja. Mama Odhiambo alitaka refa abadilishwe mara moja, kwa kuwa na yeye amelipa.

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, stesheni ya watu binafsi ikafika Kisumu. Mimi nilikuwa nimeshaanza kazi, nikamnunulia Baba televisheni ya rangi.

"Hawa wanalipwa na nani?" akaniuliza.

"Na wenye matangazo, Baba. Wewe unaangalia bure."

Akafikiri kidogo. "Basi mwenye sabuni ndiye mwenye nyumba. Mimi ni mgeni tu."

Aliipenda michezo yao ya kuchekesha, alicheka hadi machozi. Lakini msoma habari wao alipomsalimia, hakumjibu hata siku moja.

Leo Baba hayupo, na fremu yenye leseni ile iko sebuleni kwangu. Nalipia chaneli nyingi kwa simu, kila mwezi, na sijui nusu yazo zinaonyesha nini. Wanangu kila mmoja yuko chumbani na kioo chake, masikio yamezibwa, na mtoto wa jirani simjui hata jina. Majina niyajuayo ni yale ya penseli nyuma ya leseni, na nayo yanafifia.

Juzi timu yetu ilikuwa inacheza tena. Nikateka maji, nikaweka beseni mlangoni, nusu mzaha. Binti yangu akaliruka, akauliza kama bomba linavuja. Mpira ulipokwisha nilikwenda kuyamwaga. Yalikuwa safi vilevile kama nilivyoyateka.