Maharagi Chini ya Blanketi

Kazi yangu ni kupima watu na mizigo kwenye kiwanja kidogo cha ndege, hapa Butembo. Watu wananichukia, na sishangai. Tangu barabara iwe ya kuviziwa na wenye bunduki, kila mwenye shida anataka ndege, na kila anayetaka ndege anataka kupanda na shamba lake lote. Nimeona mama amevaa vitenge juu ya vitenge ili begi lake lionekane jepesi. Nimeona mchungaji, mifuko ya koti imejaa vitunguu, anatabasamu kama malaika.

Rubani wetu ndiye aliyenifundisha nisiwahurumie. Nguvu ya injini, alisema, si kitu mpaka helisi, lile panga linalozunguka puani mwa ndege, liigeuze kuwa msukumo kwa kuitupa hewa nyuma. Na Butembo iko juu milimani, hewa yake nyepesi: injini inapumua vibaya, helisi inashika kidogo. Halafu kuna vinavyorudisha nyuma. Udongo unashika magurudumu, na hewa inakataa kupasuliwa. Kadiri ndege inavyokimbia ndivyo hewa inavyozidi kukataa, na ndivyo msukumo wa helisi unavyopungua. Kinachobaki kati ya kusukuma na kurudisha nyuma ndicho kinachokupandisha. "Hapa kwenu kinabaki kidogo sana," aliniambia. Katikati ya kiwanja aliweka jiwe lililopakwa chokaa. Akilifikia bila mbio za kutosha, anapunguza injini na kusimama, hata awe amebeba nani.

Nililipenda somo lile. Sasa nalichukia.

Dada yangu mkubwa, aliyenilea baada ya mama yetu kufa, tumbo lilimfunga. Utumbo umejikunja, daktari alisema, na wa kumpasua alikuwa Bunia. Kwa barabara asingefika. Rubani alikubali kumchukua asubuhi, yeye na muuguzi mmoja, bila hata kikapu, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha na udongo wa kiwanja ulikuwa laini. Dada hakuweza kusimama kwenye mizani, basi nilimbeba mgongoni, tukapimwa pamoja, kisha nikatoa uzito wangu. Alikuwa amekonda vibaya.

"Uandike kilo mingi," alininong'oneza shingoni, "bantu baseme ninashiba."

Shangazi zetu wawili walikuwa wametoka Mutwanga kwa pikipiki kuja kumsindikiza. Tulimlaza dada ndani ya ndege chini ya blanketi, tukakusanyika mlangoni. Kwetu, mtu hasafiri bila maombi, na tukiomba tunafumba macho wote. Hata rubani anavua kofia. Mzee wa kanisa siku hiyo hakuwa na haraka. Aliombea injini, akaombea daktari, akaombea serikali. Tulipofumbua macho, shangazi zangu walikuwa wamemfunika dada vizuri zaidi kuliko mwanzo, nami nilidhani ni upendo. Ulikuwa upendo, ndiyo maana sijui niutupe wapi.

Ndege ilikimbia. Injini ililia kwa nguvu zake zote, kama siku nyingine yoyote, lakini magurudumu yalikuwa yanachora mifereji, na ilipita mbele yetu kama mtu anayetumwa asikotaka kwenda. Kwenye jiwe jeupe, mlio ukashuka. Rubani aliirudisha taratibu mpaka tulipokuwa, akafungua mlango, akainua blanketi. Miguuni pa dada kulikuwa na maharagi, viazi, unga wa muhogo, na kuku aliyefungwa miguu, mzima, anatutazama.

"Tantine, hii ni nini?" nilipiga kelele.

"Atakula nini kule?" shangazi mkubwa alijibu, akiishangaa hasira yangu. "Mugonjwa hapana enda kwa bantu mikono bule. Batasema hana kwabo."

Rubani hakugomba. Tulishusha kila kitu mbio mbio, na tulipokuwa tunashusha, mvua ikaja kutoka upande wa milima, ikaufunika mwisho wa kiwanja. Rubani aliutazama udongo, akatikisa kichwa.

"Tungoje kwanza," alisema.

Tulingoja. Mvua haikutuhurumia, siku hiyo wala iliyofuata, na dada yangu alikufa nyumbani kwetu Bulengera, hapa hapa Butembo, akiniuliza kama kiwanja kimekauka.

Baadaye nilimuuliza rubani: bila mzigo ule, mngepaa? Nilitaka ndiyo au hapana, basi. Alisema udongo ulikuwa unavuta sana. Pengine ndiyo, pengine hapana. Kwa hiyo sina hata hilo. Nina hasira isiyo na pa kukaa. Wenzangu wakiomba, mimi sifumbi macho tena. Natazama juu, naona hewa tu, ile ile nyepesi, isiyoshika kitu.

Kwenye kilio, shangazi mkubwa aliniletea sahani. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia.

"Kula, mutoto yangu. Ni ile maharagi yake."

Nilipoipokea, hakuiachia. Akauliza polepole, "Ni sisi njo tulimuua?"

"Hapana, Tantine," nilisema. "Ni mvua."

Akaiachia sahani, akakaa mbele yangu kuhakikisha ninakula. Yalikuwa yameiva vizuri. Nilimaliza yote, kwa sababu alikuwa ananitazama.