Usiku Niliojificha Kwenye Kihenge

Sasa nina miaka sabini na mmoja, na kosa hili ni langu peke yangu.

Serikali ilipofungulia biashara watu binafsi, nilinunua alizeti vijijini kuzunguka Ilongero, nikapata hela kidogo na kichwa kikubwa. Wake wawili hawakunitosha. Nikapata mchumba Ihanja. Mke mkubwa nilimwambia nalala kwa mdogo, na mdogo nilimwambia nalala kwa mkubwa. Ili wasije wakaulizana, kila mmoja nilimweleza kwamba mwenzake ni mchawi.

Usiku mmoja nilitoka Ihanja, nikaingia kwa mke mkubwa, sikumkuta. Mara nikasikia sauti za wake zangu wote wawili mlangoni. Kwa hofu nikajitumbukiza kwenye kihenge kitupu cha nafaka.

“Mwezi huu kwangu kalala siku tatu,” alisema mdogo.

“Kwangu mbili. Nikajua umemroga.”

“Mimi nilijua umemroga wewe, dada.”

Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

“Kumbe tumeogopana miaka minne kwa ajili ya mtu anayekoroma vile?” alisema mkubwa.

Nilikuwa natafuta la kujitetea, ndipo dawa ya unga ya kuua wadudu ikaanza kunimwagikia kichwani. Kumbe walikuwa wamekutana kuandaa kihenge kwa mtama mpya. Kopo la kwanza nilivumilia. La pili nikakohoa, kihenge kikapinduka, nikabiringika hadi miguuni pao, mweupe mpaka kope.

Hawakukimbia. Mke mkubwa aliinua koroboi, akanitazama.

“Mdogo wangu, leo zamu ya nani?”

“Yako, dada.”

“Hapana. Mimi aliniambia analala kwako.”