Visanduku vya Mama Nyaya

Mama Nyaya alilipata jina hilo kazini, miaka ile akipanda nguzo za simu na mkanda kiunoni huku wanaume wakimshikia ngazi. Alipostaafu, alibaki peke yake katika vyumba viwili vya ghorofa ya tatu. Mumewe alishatangulia mbele ya haki, na watoto hakujaliwa. Kuna siku zilizopita bila sauti nyingine ndani ila kijiko kikigonga kikombe.

Msimu mmoja wa mvua, mlima ulimeguka ukaondoka na mnara wa simu. Mji wote ukawa bubu. Zahanati ya bondeni haikuweza tena kuita gari la wagonjwa, ambalo lilikaa ng'ambo ya kilima. Kampuni ikasema watu wasubiri mwezi mzima.

Mama Nyaya akatoa uvunguni visanduku kumi na kimoja vya redio, kila kimoja na betri yake, alivyoviunda mwenyewe kupitisha muda. Tabibu wa zahanati akamuuliza vitafanyaje kazi bila mnara. Akamweleza kwamba kati ya visanduku hivyo hakuna mkubwa wa kutegemewa na vingine. Unaandika kwenye simu yako, kisanduku cha karibu kinaupokea ujumbe na kumpa jirani yake, naye jirani yake, hadi unafika. Kimoja kikizimika, vingine vinatafutana na kupita njia nyingine.

Kwa siku mbili alizunguka akivifunga kwenye mapaa. Watu walimshukuru, wakafunga milango yao. Kilipobaki kimoja, ujumbe ulikuwa ukifika chini ya kilima na kukwama. Nyumba pekee iliyoona pande zote mbili za kilima ilikuwa ya kaka yake, fundi viatu.

Hawakuwa wamesemezana miaka sita. Siku mama yao alipozikwa, dada alikuwa juu ya nguzo mbali huko, habari zikamchelewa. Alifika watu wakitoka makaburini, na kaka akamwambia mbele ya wote kwamba hata mgeni angewahi.

Akakipanda kilima akihema. Kaka alikuwa barazani, misumari midomoni. Hakuinuka.

"Shikamoo, kaka."

Akaitema misumari kiganjani, mmoja mmoja. "Marahaba. Umekuja kwangu, au umekuja kwa paa?"

Dada angeweza kudanganya. "Kwa paa," akasema. "Kwako nimeshindwa kuja miaka sita."

Kaka akaweka kiatu chini, akaingia ndani na kutoka na ngazi. Akaishika kwa mikono miwili hadi dada alipomaliza kufunga. Waliagana kwa vichwa tu.

Saa kumi alasiri zahanati iliita, na gari likaitika. Lilimchukua mama aliyekuwa na uchungu tangu alfajiri, akajifungulia hospitali, salama yeye na mtoto.

Mnara uliposimamishwa, watu wakavirudisha visanduku. Wengine waliviweka mlangoni bila hata kupiga hodi. Vilirudi vyote isipokuwa cha kilimani. Alikingoja wiki nzima, mwishowe akakifuata.

"Nilijua utakuja kukichukua," kaka akasema bila kuinua macho, akamsogezea kigoda kwa mguu.

Alikaa. Waliongea kidogo, juu ya magoti yao mabovu na juu ya ngozi ya viatu siku hizi kuwa nyepesi kama karatasi. Mama yao hawakumtaja. Jua lilipopoa akateremka taratibu kurudi kwenye vyumba vyake viwili, mikono mitupu. Kisanduku alikiacha pale pale juu ya paa.