Bukuru Chini ya Mlima

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa maji, huku milimani juu ya Kasulu, kamera tulikuwa tunaisikia tu. Tulizaliwa wasichana wawili: Bukuru aliyetangulia, na mimi Butoyi niliyefuata. Kwetu sisi Waha, pacha akipewa kitu, na mwenzake apewe kile kile. Bukuru akinyolewa, nami nanyolewa. Bibi yetu alilisimamia jambo hilo kama askari. Alisema ukimpa mmoja ukamwacha mwingine, aliyeachwa ataona dunia haimtaki, ataondoka zake.

Basi asubuhi moja akaja Mzee Salumu, mwenye duka la vitambaa mjini. Picha haikuwa kazi yake, alipenda tu. Alipanda huku kwetu na kamera shingoni kuufuata ukungu unavyojikunja mabondeni. Akauona mlima wetu, akamwita Bukuru asimame kando ya shamba la maharage. Mimi nilikuwa kisimani.

Niliporudi nilimkuta Bibi amemshika mgeni mkono wa kanzu.

"Umemchukua mmoja?"

"Bibi yangu, mimi nimechukua mlima. Mtoto nimemweka tu ili ukubwa wa mlima uonekane."

"Mlima hauna mwenzake. Huyu anaye. Haya, mpige na huyu."

"Filamu imekwisha, wallahi! Mleteni dukani, nitampiga bure."

"Umepanda huku kote na filamu ya kuishia njiani? Bora ungeleta kitambaa, ungetupimia wote wawili!"

Jua lilipozama, mwili wangu ulikuwa unawaka. Kulipokucha sikuweza kusimama. Mama alisema ni malaria, nipelekwe hospitali. Bibi alisema kwa Salumu kwanza. Walibishana njia nzima, mimi mgongoni kwa Bibi, Bukuru nyuma yetu ameushika mguu wangu kama mtu anayezuia mbuzi asitoroke.

"Mama, mtoto anatufia, wewe unatafuta picha!"

"Ndiyo maana naitafuta."

Mzee Salumu aliponiona hakucheka. Aliniketisha mlangoni penye mwanga, Bibi akanishika kisogo kwa nyuma, maana shingo ilikuwa inalegea. Mzee akaja karibu, karibu kabisa, mpaka nikajiona mle ndani ya kile kioo cha kamera, mdogo sana, nimekaa. Homa yote ile, nikasahau kulia. Nilidhani yule wa ndani ndiye mimi, na huyu wa nje ni kivuli.

"Nitazame, mwanangu."

Kamera ikalia. Bibi akashusha pumzi. "Sasa wako wawili. Haya, mpelekeni kwenye hiyo sindano yenu."

Nilipona. Mama mpaka anaingia kaburini alisema ni sindano. Bibi alisema ni picha. Mimi nilikuwa mgonjwa, siwezi kuamua.

Picha zilipoletwa, ya Bukuru ilikuwa mlima na ukungu, naye chini pale kama punje ya maharage, uso hauonekani. Yangu ilikuwa uso mtupu, hata kope unaweza kuzihesabu. Bukuru akalia: "Wewe una macho, mimi sina!" Siku hizi nina simu, nami napiga picha kwa kupenda tu. Nikipiga mlima, namweka mtu. Kisha namwambia mtu huyo asiondoke, namsogelea mpaka nayaona macho yake. Wajukuu hunicheka kwamba napoteza nafasi kwenye simu.

Bukuru alikua, akaolewa Kibondo, akafariki akimzaa binti yake wa kwanza. Nikamlea mimi. Alipopata akili aliniuliza mama yake alikuwaje. Nikampa picha ya mlima. Akalifuta lile umbo dogo kwa kidole, polepole, kama mtu afutaye vumbi dirishani ili aone ndani. Hakuona. Nikainuka nikaleta ile nyingine.

"Huyu si ni wewe, mama?"

"Ni mimi. Na mama yako alikuwa hivyo hivyo. Watu walituchanganya."

Akaziweka mkekani pamoja, akausogeza uso ule karibu na mlima ule, akatazama huku na huku.

Sijui kama picha ndiyo iliyonizuia nisiondoke. Bibi aliniogopea mimi, na mimi ndiye niliyebaki. Ila najua kwamba angenyamaza siku ile, binti wa Bukuru asingeujua uso wa mama yake.